Mkono Wangu Ndio Uliomwita Mwalimu Ageuze Gari

Mshauri mpendwa, nisaidie, lakini kwanza ujue anayekuandikia ni nani. Mimi ni dereva mstaafu wa malori makubwa, na tangu naanza kazi mpaka naiacha sijagonga hata kuku.

Haya, nimeanza vibaya. Sijagonga kuku kwa sababu sijawahi kushika usukani, leseni naionaga kwa watu tu. Nilikuwa utingo, yule anayeshuka lori likitaka kurudi nyuma, anasimama kwenye mkia na kupaza sauti, "Njoo, njoo, kata kushoto, njoo, hapo hapo!" Ila nilikuwa utingo hasa, madereva walinigombania, maana nikisema njoo unakuja umefumba macho na bodi haigusi ukuta. Shule niliishia darasa la nne, mwalimu alinichoka kabla mimi sijamchoka, kwa hiyo ukikuta maneno yamekaa upogo yanyooshe mwenyewe, si ndiyo kazi yako, kukaa kwenye kiti cha kuzunguka na kunyoosha watu.

Sasa naishi chumba cha uani kwa binti yangu, na katika nyumba ile sina kauli, nikisema televisheni ipunguzwe inaongezwa, nikisema chai ina sukari nyingi naambiwa mzee ulimi umezeeka. Mbele yetu inapita barabara kuu, ile waliyoijengea ukuta wa zege katikati, na anayetaka kurudi alikotoka lazima aende mpaka kwenye mzunguko wa mbali ndipo ageuze, na kwa foleni ya kule unaweza kunyoa ndevu zikaota tena. Watu wakachoka, wakavunja kipande cha ukuta karibu na kibanda cha muuza chai, likapatikana pengo la kupita gari dogo, likazoeleka. Wakubwa wakaja kusimika kibao cha kukataza kugeuza, wakaondoka, na muuza chai akapata pa kuanikia soksi zake.

Mimi nikiwa pale kibandani nikawa naona magari yanavyohangaika kwenye lile pengo, roho ikaniuma, siku moja nikasimama nikainua mkono, na Mshauri, gari likasimama! Nikapunga, likaja! Kesho yake nikaenda na kitambaa chekundu, wakaanza kuniita Afande, wenye magari ya vioo vyeusi wananipigia honi ya heshima, mimi ambaye nyumbani siruhusiwi kugusa rimoti.

Kati yao alikuwepo mwalimu wa shule ya msingi ya ng'ambo ya barabara, mama wa makamo, ana kigari cha bluu, mwoga. Kila asubuhi anashusha kioo.

"Babu, nije?"

"Njoo mama. Nani atakugusa mimi nikiwepo?"

"Lakini kibao kinakataza."

"Kibao hakina macho. Mimi ninayo mawili, na yote mazima."

Basi siku ya ajali nikamwita kama kawaida, na hapa ndipo pa kunipiga mawe, kwa sababu utingo amezoea kuangalia mkia, maisha yangu yote nimeangalia mkia, kwa hiyo macho yalikuwa kwenye bampa lake la nyuma lisikwaruze zege, nasema njoo, njoo, najisifu moyoni anavyopita kama uzi kwenye sindano, na kule mbele alikoingiza pua sikutupa jicho hata kidogo. Basi la abiria lilikuwa limesimama limpishe, na ubavuni mwa basi ikachomoka pikipiki, ikakivaa kigari. Nilikimbilia pale kitambaa kikiwa bado mkononi. Mikate imetapakaa lami nzima, na aliyelala katikati ya mikate ni mkwe wangu, mume wa binti yangu, alikuwa akiisambaza madukani.

Paja limevunjika, wamemtia chuma, na daktari anasema goti huenda lisikunjike tena. Trafiki alipofika mwalimu akamwambia, "Niliitwa na yule babu." Trafiki akanigeukia, na mimi, Mshauri, kitambaa nimeshakisokomeza mfukoni, nikasema, "Babu gani? Mimi nakunywa chai hapa." Muuza chai akainamia birika lake. Mwalimu hakubishana, alisema tu, "Babu, jamani."

Sasa kesi ya mwalimu iko karibu na mimi nimeitwa shahidi. Binti yangu hajaniuliza kitu ila hanitazami usoni, kitambaa changu nimekikuta jikoni kinapangusiwa masufuria, na juzi akaniambia huku amenipa mgongo, "Baba, useme ulichosema. Ukigeuza maneno bima ya yule mama haitamlipa mume wangu, na wewe utatafuta pa kulala." Mkwe mwenyewe hajui, basi lilimficha kila kitu, na mimi ndiye ninayemshika anapokwenda chooni, ananiegemea anasema, "Pole, Baba, wewe ndiye uliyeshuhudia, sisi tumesimuliwa tu."

Naomba uniambie, kisheria mwenye kosa ni mwenye usukani au mwenye mkono? Sikuwa na sare, sikuwa na filimbi, sikumlazimisha mtu. Na kama ni usukani, nikikaa kimya nimemwonea nani?

Afande wa uongo

MSHAURI ANAJIBU

Mzee wangu, shikamoo. Barua yako imenichekesha, halafu nikajichukia kwa kucheka.

Nimemuuliza wakili, na jibu halitakupendeza. Penye kibao cha kukataza, kugeuza ni kosa, na pengo lililovunjwa na watu si njia hata likizoeleka. Mkono unaoweza kupita juu ya kibao ni wa askari au mtu aliyepewa kazi hiyo rasmi. Mkono wako ulikuwa wa mnywaji chai. Kwa hiyo mwalimu ana kosa, na halifutiki kwa kuwa alikuita "babu" kwa adabu. Lakini nawe unaweza kuulizwa kwa kuelekeza magari bila mamlaka, na kuulizwa zaidi kwa kumdanganya askari. Ulitaka nichague mmoja. Mko wawili.

Na gari linalogeuza, mzee, hujilaza kukingama barabara nzima, polepole, mbele ya watu wanaokuja kasi. Anayempisha ndiye anayemficha anayekuja. Ndiyo maana wanawapeleka mpaka kwenye mzunguko, foleni na yote, si kwa kuwachukia.

Najua kinachouma. Nyumbani hawakusikii, na pale magari yalikutii. Nakuonea huruma, kweli. Ila umemwachia mama wa watu abebe peke yake mzigo wa watu wawili, halafu unaniuliza umemwonea nani? Unamjua. Alikuambia, "Babu, jamani."

Kuhusu bima, hilo ni la wakili, si la kuamuliwa na binti yako akiwa amekupa mgongo. Mpelekeeni wakili suala hilo mapema. Shahidi akigundulika muongo, haki ya mgonjwa ndiyo inayoweza kuchafuka.

Sasa fanya hivi. Leo, kabla hujaenda popote, mwambie mkwe wako. Mwambie amekaa, si wakati amekuegemea. Kesho nenda kituoni ukabadilishe maelezo yako, useme ulisimama wapi na uliangalia wapi. Nenda na muuza chai, naye ana macho. Waombe wahusika wazibe lile pengo, na usikanyage pale tena. Mkono ukikuwasha, utie mfukoni.

Kwa kuwa kesi ilikuwa karibu, jibu hili tulimtumia mzee kabla ya kulichapa. Naye ameturudishia haya:

Mshauri, nimekwenda. Muuza chai alikataa, akasema ana wateja. Maelezo yangu yameandikwa upya na nimeambiwa nami nitashtakiwa. Mwalimu nilimkuta kwenye benchi la kituoni, akasogea nikae, heri angenitukana. Mkwe nilimwambia amekaa, kama ulivyoagiza. Akaomba atafutiwe mtu mwingine wa kumshika. Binti amenifungia nguo kwenye shuka, sasa niko kwa mdogo wangu, tunalala chumba kimoja na anakoroma kama lori bovu. Simu zangu binti hapokei.

Nimeyameza maneno yako yote makali bila kukurudishia hata moja, na unajua nayajua, kwa hiyo nakudai kidogo. Mpigie binti yangu wewe, simu yako atapokea. Usiniombee msamaha. Muulize tu kama goti la mumewe limeanza kukunjika, halafu uniambie. Namba nimeiandika nyuma ya karatasi, usiichape.