Amenisamehe Asilolijua

Alhamisi, 6 Machi

Pindo ameanguka kutoka roshani ya juu. Sijui kama mwandiko huu nitausoma kesho.

Nilikuwa jikoni, ndiyo kwanza nimetoka shule. Nikasikia chuma kikilia, kisha kishindo. Nilipotoka uani, mpangaji wangu yuko chini karibu na pipa la maji, shuka aliyokuwa akianika imemfunika miguu. Kipande kizima cha vyuma vya roshani kimelala ubavuni pake. Mkono wa kulia umepinda mahali ambapo mkono haupindi.

Mume wangu na jirani wamemkimbiza hospitali. Mimi nimebaki kufagia ua. Kufagia! Hata sijui nilikuwa nafagia nini.

Ijumaa, 7 Machi

Yuko hai. Asante Mungu, asante, asante.

Nyonga imevunjika. Kiwiko salama, lakini kifundo cha mkono kimekuwa vipande vitatu. Na ni mshonaji! Kwaya nzima tunamwita Pindo kwa sababu hawezi kuona gauni limefumuka akanyamaza. Atatoa sindano hapohapo kanisani.

Daktari anasema kichwa nacho kimepata mtikisiko. Hakumbuki kuanguka. Hakumbuki wiki nzima. Cha mwisho anachokikumbuka ni gauni la bibi harusi alilolimaliza Jumamosi.

Nilisimama mlangoni mwa wodi nikapiga hesabu za siku. Jumapili baada ya ibada alinivuta kando: "Mwalimu, vile vyuma vya juu vinacheza. Mwite fundi." Jumanne, kwenye ngazi, tena: "Usisahau, mwenzangu, tusije tukaokotana chini." Tukacheka. Mara zote mbili tulikuwa wawili tu. Nikamwambia kesho. Nilikuwa na mitihani ya kusahihisha.

Naye hakumbuki.

Kitu cha kwanza kilichoniingia moyoni kilikuwa nafuu. Nakiandika ili nisije nikajidanganya baadaye.

Jumatatu, 10 Machi

Fundi wa kuchomelea amekuja. Amegeuzageuza kile kipande akatikisa kichwa. "Mama, hapa kutu ilishakula ndani siku nyingi. Mtu angeshika vyuma hivi tu angejua."

Mume wangu akaniuliza, hukujua? Nikasema sikujua.

Nililisema bila hata kumeza mate.

Jumapili, 23 Machi

Baada ya ibada, Mchungaji alituchukua mimi, mume wangu na wazee wawili tukamwone. Ametoka hospitali, yuko kwa kaka yake, fundi magari ambaye mtaa mzima unamwita Spana. Chumba kiko nyuma ya gereji. Harufu ya oili mpaka kwenye mto. Pindo amelala chali, mguu umewekewa mifuko ya mchanga, mkono wa kulia ndani ya plasta, vidole vinachungulia vimevimba kama si vyake.

Mimi ndiye niliyeanza kulia. Yeye akanibembeleza!

Akasema mbele ya wote: ni bahati mbaya tu. Pengine niliegemea vibaya, mimi nami na haraka zangu. Simdai Mwalimu kitu. Kama kuna kosa, nimelisamehe.

Mchungaji akaomba. Amina yangu ilizidi za wote. Nilipofumbua macho nikakuta Spana hakuwa amefumba ya kwake. Alikuwa ananitazama mimi.

Nilipaswa kurudi nyumbani mwepesi.

Jumanne, 1 Aprili

Barua! Nilidhani ni ya shule. Ni ya wakili wa Spana. Anadai fidia kwa niaba ya dada yake: matibabu, kazi iliyosimama, na mkono ambao daktari sasa anasema hautafunga ngumi tena. Uzembe wa mwenye nyumba, ndivyo walivyoandika. Nimelisoma hilo neno mpaka herufi zikapoteza maana.

Mume wangu amezunguka sebule kama mtu aliyepoteza funguo. Tutauza nyumba? Nyumba ya marehemu mama yake? "Si alisamehe mbele ya Mchungaji! Mashahidi wanne!"

Mchungaji naye kasikitika. Watu wa meza moja ya Bwana kushtakiana ni aibu, akasema, akaenda mwenyewe gereji kuomba barua iondolewe. Amerudi ameinamisha kichwa. Spana alimjibu hivi: "Mchungaji, msamaha wa dada yangu nauheshimu. Lakini hauwezi kushika mkasi."

Ijumaa, 4 Aprili

Kwa wakili wetu. Ni mzee wa kanisa, anaimba besi nyuma yangu. Ofisini ni mtu mwingine kabisa — miwani puani, feni inapeperusha karatasi, haniiti dada.

Amenieleza polepole, kama nami ninavyowaeleza darasa la nne. Kuanguka peke yake si kosa langu. Kosa ni kujua kwamba pana hatari, au kuambiwa, halafu kukaa bila kutengeneza. Kwa hiyo kesi yote inasimama hapo. Uliambiwa? Mpangaji hakumbuki, hakuna maandishi, hakuna shahidi. Basi tutaandika hati ya kiapo: mwenye nyumba hakupewa taarifa yoyote.

"Ndivyo, sivyo?"

Nikakohoa. Nikakohoa sana mpaka karani akaleta maji. Mume wangu akajibu kwa niaba yangu. "Ndivyo."

Na usimwendee yule mama, akasema Wakili. Usimwombe radhi, usimpelekee hata matunda. Usiandike chochote.

Alhamisi saa tatu asubuhi naenda kuapa. Nitashika Maandiko mkononi.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimekatisha somo la Biblia la kinamama leo, nimesingizia kichwa. Kweli kinauma.

Tulikuwa kwenye zile sheria za kale ambazo huwa tunaziruka. Ajengaye nyumba aweke ukingo juu ya dari, mtu asije akaanguka na damu ikawa juu ya nyumba ile. Nani aliichagua? Mimi mwenyewe, mwezi Januari, nilipopanga masomo! Na ile nyingine: aliyemfanya mwenzake alale kitandani amlipe siku alizozipoteza, na amuuguze hata apone. Nimetafuta mahali palipoandikwa "isipokuwa aliyeumia akiwa mpole." Hapapo.

Nikampitia Mchungaji, najifanya nauliza swali la wanafunzi. Mtu akishasamehewa, bado analipa? Akasema yule mtoza ushuru aliyepanda mti, hakuna aliyemdai siku ile. Bwana aliingia kwanza nyumbani kwake, ndipo yeye akasimama mwenyewe akasema nitarudisha mara nne. Halafu Mchungaji akanitazama, kama mtu aliyesikia alichokisema.

"Mwalimu, kuna kitu?"

"Hapana, Mchungaji."

Ona jinsi ninavyozidi kuwa fundi wa jambo hili.

Jumatano, 9 Aprili

Nimemwambia mume wangu. Alikuwa kitandani anavaa soksi. Akabaki na moja mkononi.

"Nani mwingine alisikia?"

"Hakuna."

"Basi hakuna aliyesikia."

"Mimi nilisikia."

Hakupandisha sauti, afadhali angepandisha. Kaniuliza watoto nitawalaza wapi. Ameondoka bila chai.

Alhamisi, 10 Aprili

Saa tatu na robo. Siko kwa Wakili.

Nilitoka nyumbani na gauni la ofisini na nia ya ofisini. Kwenye kona miguu ikashika njia ya gereji. Sijui niseme niliamua.

Pindo ameketi kitandani sasa, mito mitatu mgongoni. Alikuwa anajaribu kutunga uzi kwenye sindano kwa mkono wa kushoto. Ameibana sindano kwa meno. Akafurahi kuniona! Akaniuliza mbona nimepotea.

Nikasema yote nimesimama. Jumapili ulinivuta kando. Jumanne kwenye ngazi. Uliniambia mara mbili, nikakuitikia kesho. Umenisamehe jambo usilolijua.

Akaitoa sindano mdomoni. Nje mtu anagonga bati la gari, anagonga, anagonga.

"Kwa hiyo nilikwambia."

"Uliniambia."

Nilingoja matusi. Badala yake akaanza kulia, lakini si kilio nilichokitegemea. Akasema mwezi mzima yuko kitandani anajitukana. Kaka yake, watu wa kwaya, kila anayekuja anamuuliza, mtu mzima unaegemeaje vyuma vibovu? Naye hakumbuki. Ameshaamini ni ujinga wake. Ndiyo maana alisema amesamehe upesi vile, aliona aibu.

"Mimi si mzembe," akasema. Akarudia. "Si mzembe mimi."

Nikapiga magoti, nikaanza kuomba radhi. Akanizuia kwa ule mkono wa kushoto.

"Ngoja, Mwalimu. Ule msamaha wa siku ile niachie kwanza. Wa leo sijaupata bado, nisikudanganye. Nenda kamwite kaka, umwambie kama ulivyoniambia mimi. Nataka asikie kwa mdomo wako."

Niko kwenye benchi la gereji. Nimeomba kalamu kwa karani wao, naandika nyuma ya hii karatasi ya kiapo aliyonipa Wakili kwa kuwa shajara iko nyumbani, nitayanakili humo baadaye. Simu imelia mara tano. Tatu Wakili, mbili mume wangu. Nimeigeuza kifudifudi.

Spana alikuwa chini ya lori. Ametoka sasa. Anapangusa mikono kwa tambara, kidole kimoja kimoja, hana haraka. Amevuta ndoo, ameigeuza, ameketi mbele yangu, magoti yake karibu yaguse yangu.

Nimemwambia naogopa. Anasema hata yeye. Anasema niiweke kalamu chini kwanza. Nitaanza na ile Jumapili.