Bima Ilikubali, Mkunga Akakataa

Mdogo wangu Zuhura,

Barua nne nilizokutumia Maskati hazikupata jibu, na simu yako nikiipiga hulia mpaka ikachoka. Hii ya tano nimeamua kuiandika wazi, aisome anayetaka. Jambo lenyewe si geni kwa wanawake wengi, na huenda miongoni mwa watakaoisoma akawamo mmoja anayekujua akakuhadithia. Sina tumaini kubwa. Naandika kwa sababu kunyamaza ndiko kulikotufikisha hapa.

Unakumbuka alivyozaliwa Salma? Ulikuwa na miezi minane tu London, Kiingereza bado kinakupiga chenga, na mimi siku hiyo nilikuwa zamu katika hospitali nyengine, nawazalisha wake za watu. Ulimwambia mkunga wako kwamba mtoto anakuja. Akakujibu bado, lala, akatoka. Salma akazaliwa chumbani hamna mtu ila mumeo Hamad, amesimama na koti lake mkononi, hajui aliweke wapi. Kisha wakakushona ganzi haijashika. Nilipofika jioni ulikuwa umegeukia ukutani.

"Nilisema nao kwa Kiswahili," uliniambia, "nikasema nao kwa Kiingereza, nikapiga ukelele. Hakuna aliyenisikia, dada. Mwengine nikijaaliwa, nitazalia kwangu, na wa kunizalisha ni wewe."

Nilikuitikia. Nilikuitikia upesi, kama mtu anayeombwa maji ya kunywa.

Miaka mitano baadaye ulipopata mimba ya pili nilikuwa nimeshaacha hospitali. Nilikuwa mkunga wa kujitegemea, nazunguka na mkoba wangu London nzima, nawazalisha wanawake majumbani mwao. Ulinipa habari jikoni kwako Rayners Lane, unakaanga kachori, mgongo umenipa mimi na uso umelipa jiko, ukasema tu, "Dada, ile ahadi yako imeiva." Nikakukumbatia na unga wako wote.

Hamad hakukataa, na sitaki watu wamdhanie ubaya. Alikuwa mwoga, naye alikuwa na haki ya kuogopa. "Mimi sitaki ubishi, shemeji," aliniambia. "Lakini nyumbani? Pakitokea la kutokea?" Kampuni yake ya Waomani ilikuwa imewakatia nyinyi nyote bima ya afya, na bima ile ilihusu mpaka uzazi. Akaliweka neno lake hapo: "Bima wakikubali kulipia, na mimi nimekubali. Watu wale hawatii saini kwenye hatari."

Nilikwambia mimi sihitaji kulipwa kumzalisha ndugu yangu. Ukanifinya mkono chini ya meza ninyamaze. Ulijua unachokitafuta: ulikuwa unatafuta ile saini.

Ndipo ikaanza ile miezi yetu ya simu. Unaweka simu juu ya meza, sauti imefunguliwa, muziki wao unalia, sisi tunamenya viazi tukingojea. Walituambia nyumba haimo katika orodha ya mahali pa matibabu. Ukamwambia yule dada wa bima, "Basi niandikie kwamba chumba changu ni hospitali ya kitanda kimoja." Alicheka kweli, yule dada, na kisha akatuambia ombi limekataliwa. Nikaandika barua ya kueleza afya yako, mimba yako, damu yako, kila kitu. Wakakataa. Ukakata rufaa. Wakataka barua ya daktari. Ukamfuata daktari mara tatu, na mara ya tatu ukakaa kwenye kiti chake cha wagonjwa ukamwambia hutoki mpaka aandike.

Sijapata kukuona umesimama namna ile. Wewe uliyekuwa ukinituma mimi nikuombee chumvi kwa jirani! Tumbo likikua na sauti yako inakua. Nilijivunia, Zuhura. Nilikuwa nikitoka kwako napanda treni ya kurudi Lewisham na tabasamu usoni kama mwehu.

Mimba ilipoingia mwezi wa saba jibu likaja. Ulinipigia ukanisomea neno kwa neno, ukirudia pale pazuri: gharama za mkunga wa kuzalishia nyumbani zimekubaliwa. Kulikuwa na sharti moja. Mkunga mwenyewe awe na bima yake ya kazi, ile inayomlinda mama na mtoto endapo mkunga atakosea. Nilikuwa nayo. Nikakutumia nakala siku hiyohiyo. Hamad aliisoma barua mara mbili, akaikunja, akasema, "Haya, bismillahi." Ulilia kwa furaha mpaka Salma akaja mbio na akauliza kwa Kiingereza chake nani kakupiga.

Sasa nifike pale ninapopakwepa.

Wiki chache baadaye, siku ya Alhamisi, kampuni iliyokuwa ikitukatia bima sisi wakunga wachache wa kujitegemea ilituandikia kwamba inaacha biashara hiyo. Mwisho wa mwezi, basi. Na bila ya bima ile sheria ya hapa hainiruhusu kumshughulikia mzazi. Nikimgusa kama mkunga, leseni yangu imekwenda, na huenda na mimi nikapandishwa mahakamani.

Jumamosi yake nilikuja kwako. Ulikuwa umefua mashuka mapya, umenunua nailoni ya kutandika juu ya godoro, umeondoa kabati ili nipate pa kupita. Ukaniuliza, "Kitanda tukiweke wapi, dada?" Barua ya kampuni ilikuwa ndani ya mkoba wangu. Nikakwambia, "Kisogeze dirishani, upate hewa." Nikakusaidia kukisogeza.

Sikukwambia siku hiyo, wala wiki ile, wala ya pili. Nilikuwa najiambia nitapata bima nyengine kabla hujajua, nikuondolee hofu isiyo na sababu. Nilipiga simu kila mahali. Wengine walisema mkunga mmoja mmoja si kitu wanachokiuza. Wengine walisema watanirudia, hawakunirudia. Kampuni moja ilinitumia fomu ndefu, nikaijaza, na nikaing'ang'ania kama mtu aliyeshika tawi mtoni. Ijumaa ya wiki ya tatu wakanijibu kwamba samahani, hapana.

Nilipanga nije kukwambia Jumanne. Uchungu wako ukanitangulia, ukaja Jumatatu.

Ulinipigia asubuhi, umeshampeleka Salma skuli. Sauti yako ilikuwa tulivu, karibu ya mzaha. "Njoo, dada. Mgeni kabisha hodi." Nilichukua mkoba kwa mazoea. Kutoka Lewisham mpaka kwako ni treni juu ya treni, na kila kituo nilichobadilishia nilikuwa nikipiga simu. Hospitali ya umma ina wakunga wake wanaokwenda majumbani, hilo nalijua kama ninavyolijua jina langu. Waliniuliza jina lako. Wakanijibu hukuandikishwa kwao kwa uzazi wa nyumbani, na leo hawana mtu wa ziada, mlete hospitali. Hukuandikishwa kwa sababu ulikuwa na mimi.

Nilipofika, mlango ulikuwa umerudishiwa tu. Nilikukuta chumbani umeinamia dirisha, viganja viwili kwenye kioo, unatingisha kiuno polepole kama nilivyokufundisha. Chumba kilikuwa safi, kina jua. Huhitaji kuwa na bima kujua mwanamke amefikia wapi. Nilikutazama tu nikajua. Ilikuwa inakwenda vizuri. Ilikuwa inakwenda vizuri sana, Zuhura, na hili sijapata kukwambia. Ningekadiria saa mbili, tatu kwa wingi.

Ukanyoosha mkono nyuma bila ya kugeuka. "Nishike."

Mimi nilibaki mlangoni.

"Sina ruhusa," nikasema. "Bima yangu imekatwa. Lazima twende hospitali."

Uligeuka. Uchungu ulikushika katikati ya kugeuka, ukaupisha, ukapumua, kisha ukaniuliza, "Imekatwa lini?"

"Mwisho wa mwezi uliopita."

"Na wewe umejua lini?"

Nikakwambia wiki tatu.

"Wiki tatu," ulisema. Hukupiga kelele. Afadhali ungenipiga.

Nilijiambia mlangoni pale kwamba nawafikiria wanawake wengine waliokuwa wakiningojea, kwamba nikipoteza leseni ni wao watakaoadhibiwa. Yote hayo yana ukweli kidogo. Lakini ukweli mzima ni kwamba niliogopa. Mwenzangu mmoja aliniambia baadaye kwamba ningeita gari la wagonjwa nikakaa na wewe, na mtoto kama angekuja kabla ya gari nisingelaumiwa na mtu kwa kumpokea, maana dharura ni dharura. Nikamwambia sikulifikiria. Nililifikiria. Nililifikiria mlangoni pale pale, na bado nikaita teksi.

Hamad alitukuta njiani tukishuka ngazi. Ulimshika bega yeye.

Ndani ya teksi ulinipa kisogo, uso umeuelekeza dirishani. Na ulipoingia katika taa zile nyeupe za hospitali, mwili wako ulifanya kile ambacho mwili ulioumizwa hufanya: ulijifunga. Uchungu ukakatika. Wakakutundikia dripu kuurudisha, ukarudi kwa fujo. Mapigo ya mtoto yakashuka. Wakakuuliza maswali haraka haraka, na wewe ulikuwa umeacha kujibu kwa lugha yoyote. Mkunga mmoja aliniuliza mimi ni nani. Nikasema, "Ndugu yake." Akaniambia ndugu wasubiri nje.

Nilikaa kwenye korido na mkoba wangu mapajani. Ndani yake mlikuwa na kila kitu.

Wakakupasua. Nassor akatoka analia, mzima, alhamdulillahi. Lakini damu yako haikusimama, na ilipokataa kusimama wakakitoa kizazi. Daktari alitueleza kwa upole. Alisema hakuna anayeweza kusema kwamba mahali pengine pangekuwa salama zaidi. Huenda damu ingemwagika hata nyumbani, na nyumbani ungekufa. Nimeyashika maneno hayo kwa miaka sita sasa. Nayageuza huku na huku. Siku nyengine nayaamini mpaka adhuhuri.

Nilikuja kukuangalia wodini kila siku. Ulinijibu salamu. Ulinipa mtoto nimbebe nilipokuomba, ukanyoosha mikono nikurudishie kabla sijashiba harufu yake. Ulikuwa na umri wa miaka ishirini na tisa, ulitaka watoto wanne, na majina ulikuwa nayo tayari. Siku ya kutoka, nilipotaka kukushika mkono ushuke kitandani, ulisema, "Mwachie Hamad." Hayo ndiyo maneno yako ya mwisho kwangu.

Ulipomaliza arobaini nilikuja na sufuria ya uji wa pilipili manga. Akanifungulia mwanamke nisiyemjua. Akasema wapangaji waliotangulia wamehamia Omani, mume amehamishwa kazi. Nikamshukuru. Nilikaa na sufuria ile kwenye benchi la kituo, nikapitisha treni tatu.

Mwezi uliofuata nilipata bahasha kutoka kwa bima yenu. Kwa kuwa jina langu ndilo lililoandikwa kama mkunga, walitaka nithibitishe kwamba uzazi ulifanyika nyumbani ili walipie. Kulikuwa na kisanduku cha ndiyo na cha hapana, na mistari mitatu ya kueleza. Nikatia alama kwenye hapana. Mistari nikaiacha mitupu. Bima, unaona, ilitimiza neno lake. Mimi ndiye niliyelivunja langu.

Leseni niliyoilinda nimeiacha ikafa yenyewe. Fomu ya kuihuisha ilikuja, sikuijaza. Sasa nafanya kazi katika nyumba ya wazee hapa Lewisham, nawaogesha, nawalisha, na mikono hii inafanya inachoambiwa. Wapo wanaoniona mtaani wakanisalimia, wanawake niliowazalisha, wanaonionyesha watoto waliokwisha kuota meno mapya. Wananiuliza kwa nini nimeacha. Nasema uchovu.

Nasikia kutoka kwa jamaa zetu Unguja kwamba ukiulizwa kuhusu mimi unasema huna mtu London. Sikulaumu. Sikuombi unisamehe pia, maana nimeshatambua kwamba msamaha nao hautakurudishia kitu, na huenda ukakuongezea kazi nyengine ya kunibeba. Natamani tu kujua kama lile kovu bado linakuuma ukiinama, na kama kuna mtu hapo anayejua kulikanda.

Najua hutanijibu. Lakini Nassor atakua, na watoto huuliza. Siku atakayokuuliza, "Siku niliyozaliwa nani alikuwapo?" usinifiche kwa ajili ya heshima ya ukoo. Mwambie kweli: dada yangu alikuwapo, alikuwa anajua kila kitu cha kufanya, na hakunishika.

Mungu akulinde mahali ambapo mimi sikukulinda.

Dada yako, ujapolikana neno hilo,
Mwanakheri