Sweta Si Majibu ya Damu

Shamba la Hvammsel,
Dalir, Iceland.
14 Machi

Mpendwa mjukuu wangu Arndís,

Hujambo wewe, na Jeppe wako hajambo? Miguu imeanza kuvimba au bado? Mama yako alipokuwa na mimba yenu ilivimba mpaka akavaa viatu vya marehemu babu yako, na ninyi mlikuwa wawili, kwa hiyo wewe mwenye mmoja usilalamike sana. Kula samaki. Hayo majani mnayokula huko Aarhus waachieni kondoo.

Mimi ni mzima. Nyonga ya kushoto inanisumbua nikipanda ngazi, kwa hiyo sipandi. Daktari anataka kuniwekea ya chuma, nimemwambia asubiri kondoo wazae kwanza. Theluji bado imefika dirisha la jikoni na barabara imefunguliwa juzi tu, ndiyo maana jibu limechelewa. Tena mimi siandiki haraka. Shule niliiacha nina miaka kumi na miwili, unajua, na makosa utakayoyaona humu yaache yalivyo.

Barua yako niliipata, nikaisoma mara mbili. Mara ya kwanza sikuelewa, mara ya pili nilitamani nisingeelewa. Umepima damu. Ule ugonjwa uliomwangusha babu yako Ketill akiwa na miaka thelathini na moja, mshipa ukampasukia kichwani anafunga lango, kisha ukamchukua mama yako Steinvör kwa namna ileile ninyi mkiwa na miaka minne, nawe unao. Haujaamka, lakini unao. Na kwa kuwa wewe na Hrefna mlitoka kwenye yai moja, ulicho nacho wewe ndicho alicho nacho pacha wako. Niliikunja barua nikaenda kuwatilia kondoo maji, maana ilikuwa saa yao.

Umenieleza pia mlivyofanya hospitalini. Mayai yako yakakutanishwa na mbegu za Jeppe kwenye kichupa, yakapimwa moja moja, manne yakaonekana yana ugonjwa, matatu hayana, na mojawapo ya hayo matatu ndilo lililo tumboni mwako sasa. Unaniuliza kama nakuona mwenye dhambi. Mimi si mchungaji wa kanisa. Nimechagua madume ya kondoo kwa miaka hamsini, na siku hizi mwanakondoo anatobolewa sikio, kipande kinapelekwa maabara, na mwenye vinasaba wanavyovitaka anavalishwa hereni ya rangi yake. Kazi ya kuchagua naijua. Nitakwambia moja tu. Kwa kipimo hicho chenu, mama yako angebaki kwenye kichupa, na wewe, na Hrefna. Mimi ningekuwa bibi wa watu wengine, labda wenye afya kuliko ninyi, nami nisingejua nimekosa nini. Sisemi umekosea. Nasema ulichagua, basi usije ukajisemea baadaye kwamba yalitokea yenyewe.

Hilo limekwisha. La pili ndilo linalonifanya nikugombeze.

Hrefna alilisema mbele yetu sote miaka miwili iliyopita, tumekaa tunamenya viazi. Alikuomba usipime.

“Ni damu yangu,” ukamwambia.

“Ni yangu pia, mjinga wewe. Ukipimwa wewe nimepimwa mimi.”

“Basi nitapima, na sitakwambia.”

“Na huo uso wako utauficha wapi? Utauvalisha soksi?”

Tulicheka. Lakini baadaye akasema polepole kwamba anataka kuamka asubuhi kama anavyoamka Sigvaldi wake, mtu asiyejua siku yake. Nawe ukamwahidi kwamba hutamwambia kamwe. Nilikuwepo, kisu cha viazi mkononi.

Ukaenda ukapima. Haki yako. Tangu Novemba simu zako zikawa fupi, uso hatuuoni tena, unasema mtandao mbaya. Hrefna akawa anakutania, “Siku hizi Arndís anaongea kama waziri.” Mimi nikadhani ni kazi imekubana. Halafu Februari ikaja barua yenye habari yote, na chini kabisa, kama mtu anayeagiza sukari, ukaandika: nifumie sweta la mtoto, la kijivu, na Hrefna asijue.

Asijue vipi? Mimi nafuma jikoni, karibu na dirisha, kwa sababu macho yangu ni ya miaka themanini na mbili. Ulitaka nikafumie zizini? Ulitaka nimwambie ni soksi ya paka?

Hrefna aliingia na mabuti yake ya zizini, akanyaga sakafu niliyoifuta, akaniuliza la nani hilo.

“La mtoto.”

“Mtoto gani, bibi?”

Uongo haukunijia kwa wakati. Sijauzoea. “Wa Arndís.”

Alipiga ukelele mpaka mbwa akabweka. Akanikumbatia na ule uchafu wote, akasema, “Hanao! Bibi, hanao! Kwa hiyo na mimi sina!” Kwa sababu uliapa, Arndís. Uliapa kwenye kaburi la mama yako, una miaka kumi na minane, kwamba ukiwa nao hutazaa kamwe, na Hrefna ameshika kiapo chako kuliko ulivyokishika wewe. Habari za vichupa hazijui. Kwake hesabu ilikuwa rahisi.

Nikanyamaza. Hapo ndipo nilipokosa, na nakiri. Nilisema moyoni, hakuuliza, na ahadi ni ahadi, mwache afurahi. Wiki tatu nikamwacha. Aliimba akiwalisha kondoo. Sigvaldi, ambaye miaka yote aliambiwa hapa hakuna habari ya watoto, akaambiwa ipo. Akapanda kwenye kile chumba cha juu na kopo la rangi ya njano, akapaka kuta mbili. Kijana wa watu akashuka na njano nyusini, anatabasamu kama mwehu. Nilimpa kahawa nikashindwa kumtazama.

Jumanne akaja Elías na mashine yake kuwapima kondoo mimba. Yeye anatazama kwenye kioo chake na kutaja idadi, Hrefna anapaka rangi mgongoni, nyekundu kwa mwenye mmoja, bluu kwa wenye wawili, na mimi nashika lango. Walipofika mwisho Hrefna akafungua koti, akajishika tumbo, akamwambia, “Elías, nipitishe na mimi.”

“Wewe mashine itaniharibikia,” akasema Elías. “Umekula nini asubuhi?”

“Basi mwakani. Niandikie mwakani, kabla ya kondoo.”

“Nitakupaka bluu kabisa. Kwenu mnazaa kwa jozi.”

Wakacheka. Mimi sikucheka. Nilimtazama nikamwona Steinvör, si kwa sura, sura yenu naijua, bali kwa ile hali ya mtu anayepanga mwaka kesho. Nikaona kwamba haya si yale aliyoyaomba. Hali ya kutojua aliichagua mwenyewe, akaibeba miaka yote kwa akili timamu, akimnyima Sigvaldi mtoto kwa sababu hiyohiyo. Lakini kuamini uongo hakuchagua. Hilo tulimfanyia sisi, wewe kwa barua na mimi kwa sindano za kufumia.

Elías alipoondoka tukaketi kula samaki. Sigvaldi alikuwa amekwenda Búðardalur kununua rangi zaidi. Nikamwambia, “Hrefna, sweta si majibu ya damu.”

“Una maana gani?”

“Nina maana hiyohiyo niliyosema. Sweta ni sufu. Usijenge juu yake.”

Aliweka uma. Kisha akasema, “Majibu yangekuwa mazuri, ungeniacha nicheke.”

Nikaitikia kwa kichwa.

“Na mtoto je?”

“Wamemchagua hospitalini. Yeye hanao.”

Nimevunja ahadi yako, na nakuandikia kwa mkono wangu ili usije ukaisikia kwa mtu mwingine. Sikuombi radhi wewe. Yeye nilimwomba, akasema, “Nyamaza, bibi,” bila hasira. Akainuka, akaosha sahani yake, na yangu, ingawa nilikuwa sijamaliza kula. Akatoka akaenda kuwatenga wenye rangi ya bluu kwenye zizi lao, kwa sababu wanahitaji chakula zaidi, na kazi ile haikuweza kungoja. Alikaa huko kwa muda wa saa mbili. Niliona mgongo wake dirishani ukipita na kurudi.

Sigvaldi aliporudi, Hrefna alimwambia mwenyewe, huko huko zizini. Sijui walisema nini. Kopo jipya bado liko kwenye gari, na kuta mbili zimebaki nyeupe. Kijana hajaondoka. Jana amebadilisha bawaba ya mlango wa zizi bila kuambiwa, na kwa mwanamume wa huku hayo ni maneno mengi.

Hospitali kuu mjini kuna dawa wanayoijaribu, uliniandikia. Hakuna ajuaye kama inazuia, na anayetaka kuingia lazima jina lake liandikwe kwamba anao. Sikumweleza Hrefna habari hiyo. Ile ni ya kwako kumwambia. Mimi nimesema nusu yangu.

Sasa sikiliza. Hrefna hajaniuliza una nafasi gani ya kuishi, wala kama inauma, wala imebaki miaka mingapi. Aliporudi ndani, amevua koti, amenipa mgongo akinawa mikono kwenye sinki, aliuliza jambo moja tu. “Arndís alipofungua yale majibu, alikuwa na nani?”

Nikasema sijui.

“Jeppe alikuwepo?”

Sijui, mwanangu, nikasema, hakuandika. Muulize.

“Siwezi kuanza mimi,” akasema. “Mimi ndiye niliyemkataza.”

Ndipo nilipoelewa kitu ambacho nyie wenye shule mlipaswa kukielewa kabla yangu. Ulipata habari ile huko ugenini, na mtu pekee duniani ambaye ni habari yake pia ulikuwa umeahidi kutomwambia. Ukanibebesha mimi. Na yeye sasa hana usingizi mzuri kwa ajili ya siku yako ile ya kufungua majibu, si kwa ajili ya siku yake. Aibu yangu na yako.

Msalimu Jeppe, mwambie simlaumu, na msalimu Birthe mama yake, maandazi yake ya mdalasini yalikuwa makavu lakini moyo wake mzuri. Dada yangu Kolfinna anakusalimu, anauliza mtoto ataitwa nani, nimemwambia afunge mdomo. Sigvaldi anakusalimu. Mbwa naye yupo.

Mungu akulinde wewe na hicho kiumbe, amlinde na Hrefna, na alinde mishipa yenu, ambayo mimi siwezi kuishika kwa mikono yangu.

Jibu utakaloandika, juu ya bahasha uandike jina la dada yako. Nikiona la kwangu, siifungui.

Ni mimi bibi yako ninayekupenda hata nikikugombeza,

Svanborg