Nilisema Gari Yangu Haisukumwi

Jumapili jioni, Mwihoko. Baridi ya Julai haijaachilia hata kidogo. Mawingu yamekaa chini tangu asubuhi na nguo nilizofua juzi bado zinaning'inia kwenye kamba, nzito vile vile.

Leo Kukhu ameiombea gari yangu.

Sitanii. Maombi ya plot yalikuwa nyumba namba tatu, kwa Baba Nekesa, na Kukhu, yaani nyanya kwa lugha yao, ni mama yake. Aliletwa kutoka Bungoma mwezi wa tano kwa sababu ya macho. Yote mawili yamezibwa na mtoto wa jicho, anaona mwanga na kivuli basi. Zamu yake ilipofika akaombea mahindi ya nyumbani, akaombea wajukuu mmoja mmoja kwa majina, kisha akasema: "Na ile gari ya Mama Shiru, Baba, ile ilikataa siku yetu ya daktari. Iponye kabisa, isikatae tena. Mwenyewe asione aibu."

Mama Shiru ni mimi. Nilisema amina kwa sauti kuliko wote mle ndani.

Nimerudi kwangu nikaweka chai, ikachemka ikamwagika jikoni nikiiangalia. Wiki tatu nimelala na hiki kitu na hadi leo sikuwa nimemwambia mtu. Wacha niandike kama kilivyokuwa, bila kujipaka mafuta.

Plot yetu ina nyumba kumi na nafasi ya magari manne, yakifuatana kutoka ukutani hadi gate. Anayechelewa kuingia anawafungia wote walio mbele. Kwa hivyo kuna sheria, na ni ya zamani kuliko mimi hapa: wa nyuma anaacha gari free. Gia iko N, hendibreki chini, jiwe chini ya tairi. Mwenye haraka asubuhi anaondoa jiwe, anaisukuma gari yako nje ya gate, anatoa yake, na anarudisha yako mahali pake. Hakuna kuamshana, na hakuna mtu huulizwa. Ukiacha gari imefungwa gia utaongelewa pale kwenye mfereji wa maji, tunapochotea wote, hadi uhame.

Gari yangu ya kwanza ilikuwa mzee wa manual na niliifuata hiyo sheria vizuri. Siku moja wakaisukuma, ikawaponyoka, ikabusu nguzo ya gate, taa ya nyuma ikavunjika. Hakuna aliyekubali ni yeye. Nilinyamaza, lakini nilikasirika na ile hasira yangu ya kuweka akiba.

Ndiyo maana mwaka jana nilipopata hii nyingine, ndogo, nyeupe, automatic ya kubonyeza kitufe ndio iwake, niliingia nayo kwa plot na uongo tayari mdomoni. Niliwaambia: hii haisukumwi. Ni automatic, ikishawekwa P imejifunga, na mkilazimisha gearbox inakufa. Mkitaka kutoka, gongeni mlango wangu, nitashuka niiondoe.

Wakakubali. Nani angebisha? Wengine wote wana manual.

Sasa sikiza. Siku niliyoichukua gari, yule jamaa wa yadi alinionyesha kila kitu. Kitabu chake ni cha Kijapani, akasema, kwa hivyo angalia mikono yangu. Akanionyesha ufunguo wa chuma uliofichwa ndani ya rimoti, wa kufungua mlango betri ikifa. Akanionyesha jeki na spana chini ya kapeti ya buti. Halafu kando ya gia kuna kifuniko kidogo cha plastiki, kama ukucha wa kidole gumba. Unakibandua, unaingiza bisibisi au huo huo ufunguo wa chuma, unabonyeza huku umekanyaga breki, na gia inatoka P inaenda N. Betri iwe hai, iwe imekufa. Alinifanya nirudie mara mbili.

Nilijua. Hilo ndilo nataka lisomeke vizuri hapa. Sikuwa mjinga wa magari siku hiyo. Nilijua.

Wiki tatu zilizopita hospitali moja ya misheni huko Thika ilikuwa na kambi ya macho, madaktari wa kupasua bure kwa siku mbili. Kukhu alikuwa ameshapimwa na jina lake limeandikwa. Baba Nekesa, ambaye ni mtu wa boiler kiwandani na haongei sana, alinifuata hadi mlangoni Alhamisi jioni, mikono nyuma, kama mtu anayeomba chumvi. "Mama Shiru, kesho natoka saa kumi na mbili na nusu. Saa mbili wanaita majina. Asiyekuwepo wanampatia nafasi mwingine." Nikamwambia asijali, saa kumi na mbili na robo nitakuwa nimeshaiondoa.

Na nikaamka, aki. Kumi na mbili na robo nilikuwa chini na leso kichwani.

Rimoti haikufungua mlango. Jana yake, nilipotoka kazini, nilikuwa nimekaa ndani ya gari karibu saa nzima, redio na taa ya ndani vikiwaka, kwa sababu kule ndani ya gari ndiko pekee hakuna mtu ananiita. Nilipotoka nilisahau taa. Betri ilikuwa imekauka.

Nikachomoa ule ufunguo wa chuma, nikafungua mlango kwa mkono, nikaingia, nikabonyeza kitufe cha kuwasha. Kimya. Wakati huo Baba Nekesa alikuwa ameshamtoa mama yake. Kukhu alikuwa amevaa sweta mpya ya kijani, kitambaa cheupe kichwani, amekaa kwa kiti cha plastiki karibu na mfereji, mikono juu ya magoti. Keateka wetu, Njoroge, mtunzaji wa plot, akaja. Mama Brian wa namba saba akaja na mswaki mdomoni. Wote wakaniangalia kwa dirisha.

Baba Nekesa akauliza swali moja tu. "Hakuna njia ya kuitoa gia kwa mkono?"

Kile kifuniko kilikuwa sentimita tano kutoka kwa goti langu. Ufunguo wa chuma nilikuwa nimeushika.

Nikasema hakuna.

Nimejaribu kujitetea kwa hilo neno kila usiku. Eti nilishtuka. Eti niliogopa gearbox. Uongo mtupu. Nilihesabu, haraka sana vile mtu huhesabu akiwa na hatia, kwamba nikibonyeza pale mbele yao watajua nimewadanganya mwaka mzima. Mama Brian angepeleka hiyo habari kwa mfereji kabla ya chai. Niliona sura zao zikigeuka, nikaamua bora nionekane mtu aliyeharibikiwa na gari kuliko mtu mwongo.

Na nikazidisha. Nikasema ni betri tu, tutafute zile nyaya za kushtua betri kwa gari nyingine, dakika tano imewaka. Njoroge akakimbia stage. Dakika ishirini. Akarudi na nyaya, lakini gari ya Baba Nekesa ilikuwa imetazama ukuta, betri yake iko mbele kabisa na yangu iko nyuma yake, nyaya hazifiki. Akatumwa nyingine ndefu. Baba Nekesa akaniuliza kama aite teksi. Nikamwambia ngoja kidogo, Njoroge yuko njiani, dakika tano. Alinisubiri kwa sababu aliniamini. Kama ningemwambia tu pale mwanzo, "Baba Nekesa, chukua teksi," wangefika. Hata hilo nilishindwa, kwa sababu teksi ingekuwa kukubali kwamba gari yangu ndiyo shida.

Kukhu hakulalamika. Mara moja tu aliuliza, kwa sauti ya kawaida, "Jua limetoka?"

Teksi ilikuja saa moja na robo. Kutoka Mwihoko hadi Githurai saa hizo unaijua, gari inatambaa. Walifika Thika saa mbili na nusu. Majina yalikuwa yameshasomwa na nafasi yake ilikuwa na mtu mwingine. Waliambiwa wajaribu kambi ikirudi, labda mwakani. Kulipia wenyewe ni mambo ambayo hatuongei hata kwa mzaha kwa plot hii.

Lakini bado sijaandika kibaya zaidi.

Teksi ilipoondoka, watu wakatawanyika. Nikabaki ndani ya gari. Nikabandua kile kifuniko, nikaingiza ufunguo, nikakanyaga breki, nikabonyeza. Tak. Gia ikaenda N, laini kabisa. Nikashuka, nikaweka bega kwenye mlango. Plot yetu imeinama kidogo kuelekea gate, kwa hivyo ilishuka karibu yenyewe, mimi peke yangu, mwanamke wa kilo hamsini na nane mwenye leso. Nikaisimamisha kwa hendibreki. Nikaangalia nafasi iliyobaki wazi nyuma ya gari ya Baba Nekesa.

Halafu nikairudisha. Nilisukuma kwa jasho hadi mahali ilipokuwa, nikaiweka P tena, nikafunika kifuniko, nikaenda kazini na matatu. Jioni waliporudi wakaikuta pale pale, imekufa vile waliiacha. Baba Nekesa akaniambia pole ya gari.

Wiki tatu. Kila asubuhi Kukhu anapapasa ukuta wa korido akienda chooni, kiganja kinapita juu ya mlango wangu, shhh, na mimi niko ndani nimeshika kikombe. Anajua hatua zangu. "Mulembe, Mama Shiru," ananisalimia, hata nikitembea kwa vidole. Nimeita mafundi, nimetunga sababu, eti bado haijapona vizuri. Nimewapelekea ndizi. Nilimpeleka kanisani Jumapili iliyopita na betri mpya, akakaa mbele, akapapasa dashboard akasema gari ni nzuri, ina joto. Ngai, nilitamani anitukane.

Na leo akaniombea nisione aibu.

Kwa hivyo maombi yalipoisha, kabla hata ya kuja kumwaga hii chai, kulikuwa na kitu kingine nilifanya, na ndicho kimenifanya nishindwe kukaa. Nilimwomba Baba Nekesa tufike kwa magari. Mvua ya rasharasha ilikuwa imeanza. Nikamwambia yote, nimesimama, nikiangalia tairi. Sikulia, kwa sababu kulia kungekuwa kumwomba anihurumie. Nilimwambia hata vile niliitoa na kuirudisha.

Mwishowe akasema, "Nionyeshe."

Nikafungua mlango. Akaketi yeye mahali pa dereva, magoti yakimfika kwa usukani. Nikamwonyesha kifuniko. Akakibandua kwa ukucha, akaingiza ufunguo, akabonyeza. Gia ikaenda N. Akairudisha P, akafanya tena. Mtu huyu hufungua na kufunga valvu za mvuke siku nzima, alielewa mara ya kwanza. Mara ya pili nafikiri alikuwa anapima ni sekunde ngapi.

"Ni hii tu?"

"Ni hii tu."

Alikaa pale mkono kwa gia. Nilimwambia kambi ikirudi nitawapeleka mimi, nitachukua off, nitalala nao kwa foleni. Akatikisa kichwa, si ya ndiyo wala ya hapana. Nikamwambia nataka kumwambia Kukhu mwenyewe, leo hii, kabla nirudi nyuma.

Hapo ndipo alinitazama. "Mama yangu usimwambie. Yeye amekaa kwa nyumba siku nzima gizani na hayo maombi ya kukuombea ndiyo kazi yake. Unataka kupumzika, si ndio? Pumzika na mimi. Mimi nimesikia."

Hakusema amenisamehe. Nimelirudia kila neno lake nikitafuta msamaha, sijaupata. Na alikuwa na haki. Mimi nilienda pale kutua mzigo, na mahali nilitaka kuutua ni kwa mapaja ya mama wa miaka themanini.

Akaondoa hendibreki. Gari ikaanza kushuka taratibu na yeye ndani, mimi nikaishika kwa mlango, tukaifikisha gate, akaisimamisha. Mlango wa namba tatu ukafunguka na Kukhu akatoka, kiganja kwenye fremu, akasikiliza.

"Hiyo ni gari ya nani inatembea?"

Baba Nekesa akatoa kichwa nje ya dirisha. Nilidhani atasema yote. "Ya Mama Shiru, mama. Imetengenezeka kabisa sasa."

Uso wa Kukhu ukafunguka wote. Akapiga makofi mara mbili, akainua mkono kunisalimia, akasema asante Yesu, Mama Shiru, si nilikuambia. Lakini alikuwa amegeukia mfereji. Mimi nilikuwa huku, upande mwingine kabisa, na yeye alikuwa anatabasamu akitazama mahali ambapo hapakuwa na mtu.

Nikaacha mlango wa gari. Nikazunguka polepole kwenye mvua, viatu visisikike, nikaenda nikasimama pale alipokuwa anatazama.