Vipicha Vyako Vimeuzwa Ushongo

Shoga yangu Eliwaza,

Haya ningekuja kukwambia kaburini, lakini mdogo wako Yohana kanipiga marufuku. Ati nikionekana tena pale Muheza ataniitia mgambo. Basi nakuandikia hapa hapa dukani kwangu Mabawa, Tanga, kwenye kile kiti ulichokuwa unakikalia ukitoka kufundisha, miguu umeinyoosha juu ya boksi la karatasi utadhani steshenari ya babako. Nina hasira, Eliwaza. Watu husema marehemu asisumbuliwe, aachwe apumzike. Mie nitakusumbua. Wewe uliondoka kwa presha kama mtu aliyetoka mara moja kununua vocha, ukaniachia mambo ambayo hata hukunikabidhi.

Habari za huku ni hizo hizo. Printa mbovu bado mbovu. Shuleni kwenu kaletwa kijana afundishe Maarifa ya Jamii, anaandika ubaoni "muhogo ulitoka Amerika ya Kusini", watoto wanakariri, kengele inalia, basi. Salma wangu yumo darasani mwake. Juzi kaniuliza, "Mama, vile vipicha vya Mwalimu Eliwaza viko wapi?" Nikamwambia akacheze nje. Ningemjibu nini?

Unakumbuka lakini vilivyoanza? Ulikuja unatweta, chaki mpaka kwenye nyusi, ukasema, "Mwanaidi, hebu nitafutie kipicha cha hao watu waliolima muhogo kwanza." Ulitaka kimoja tu, kile cha kuchorwa cha kwenye kompyuta, ukibandike kwenye mtihani. Tukatafuta. Vikaja vikatuni vya ovyo, mtu mwekundu kavaa manyoya kichwani, kashika shoka, kaachama. Ulisonya msonyo ule wako mrefu. "Huyu hajalima hata mchicha," ukasema. Mbavu sina siku ile. Halafu ikaja ile picha ya mwanamke wa msitu wa Amazoni, kakaa chini, kapanua miguu, anamenya muhogo kisu kikija upande wa kifua. Ukasogeza uso karibu na kioo. Mimi nikadhani umeona kosa. Ukasema taratibu, "Mama anamenya hivi hivi." Mama yako, Mshambaa wa watu, aliyelea watoto wote kwenye kambi za mkonge kwa muhogo huo huo.

Toka hapo ukapata ugonjwa. Wateja wangu wamepanga foleni wanataka fotokopi, wewe umeikalia mashine unatafuta vyungu vya Washipibo na vile vistari vyao, vidani vya fedha vya Wamapuche, kofia za Wakechua, makabila ya asili ya huko huko Amerika ya Kusini. Tuligombana, usijifanye malaika huko uliko. Niliwahi kuchomoa waya wa umeme makusudi. Ukacheka, ukaenda kununua karanga, ukarudi, ukachomeka. Na walimu wakaanza kukuomba, wa Pangani, wa Korogwe, mwisho na watu wa nchi ambazo siwezi hata kuzitamka. Grupu lenu la walimu kwenye simu likajaa. Ukawagawia wote bure.

Ila ulikuwa na sharti lako. Chini ya kila kipicha, ndani ya picha yenyewe, ulitia maandishi madogo: ni cha watu gani, wa nchi gani, kachora nani. Usipojua, hakiingii kwenye mkusanyiko wako hata kiwe kizuri vipi. Vingapi vizuri ulivitupa mimi nimejishika kichwa! Ukanijibu, "Hapa Mabawa mtoto mgeni akipita anaulizwa, wewe wa kwa nani? Picha nayo ina kwao." Mie nikakuona una wazimu wa kisomi. Nilikuwa sijui kitu.

Ndipo akaja Justina mtandaoni. Mwaymara wa Bolivia, mchoraji, anachora kwenye kompyuta nakshi za nguo alizofuma mama yake. Mnaandikiana kwa ule mtambo wa kutafsiri wa kwenye simu, mara unakuita ndugu, mara unakuita bwana. Akakutumia nakshi ya ile nguo mama yake aliyombebea mgongoni. Ukachukua kanga yangu, ile niliyombebea Salma, ukaipiga picha, ukamtumia: na sisi mbeleko ni hii. Akatuma sauti. Maneno hatukuyaelewa hata moja, lakini Justina alicheka, nasi tukacheka, tukairudia na kuirudia mpaka muuza kahawa akaja kuchungulia kuna nini.

Kisha akakuandikia kwamba vipicha vyake uvigawe, watoto wajifunze, lakini jina la watu wake lisiondolewe, na visiuzwe. "Tumeuzwa vya kutosha," alisema. Ukamjibu kwamba unaahidi. Ulitia mkono kifuani wakati unaandika, na mimi nikakutania, "Bibi wee, kwani anakuona?" Hukucheka. Ulikuwa umemaanisha, Eliwaza, na mimi ndiye shahidi wako pekee hapa duniani.

Sasa sikiliza alivyofanya wa tumbo moja nawe.

Tulipokwisha kukuzika, Yohana alikuja dukani akachukua laptopu yako na flashi zote. Nikampa. Ni ndugu, mie nani? Rafiki tu, tena Mwislamu, nisiyejua hata kuimba nyimbo zenu za mazishi. Nikamtilia na kwenye kimfuko. Baada ya hapo nikaenda Ushongo, harusini kwa binti wa shangazi. Tunapita njia ya pwani, pale penye hoteli za wageni, naona kamba, imetundikwa fulana. Nguo ya mama yake Justina, nakshi ile ile, kwenye kifua cha fulana! Chini yake pameandikwa kwa Kizungu kwamba ni sanaa ya Kimasai. Wallahi nilisimama njiani na sahani ya halua kichwani, watu wananipita. Yule lama, mnyama wa manyoya wa milimani kwa akina Justina, uliyekuwa ukimpenda kwa ile pua yake ya dharau, yumo naye. Nikauliza, "Huyu mnyama gani?" Sauti ikanijibu kutoka nyuma ya kamba, "Twiga mtoto, mama, shingo bado haijakua." Nikamtazama mwenye sauti. Yohana.

Nilicheka kwanza, haki ya Mungu. Kicheko kikageuka kwikwi pale pale.

Wala hakushtuka. Ana uso mkavu yule. Akaniambia yale maandishi madogo yalikuwa yanaharibu fulana, kayakata. Akaniambia mgeni akija Afrika anataka kitu cha Afrika, ukimtajia Bolivia anaondoka. "Dada alikuwa anagawa bure, mimi nauza. Sasa kosa liko wapi?" Nikamwambia uliahidi. Akasema, "Aliahidi yeye. Na hao watu wako huko mwisho wa dunia, watajuaje?"

Wakajua. Mgeni mmoja kanunua, kavaa, kajipiga picha, kairusha mitandaoni, ikatembea mpaka ikamfikia mwenyewe. Akaunti yako bado inafunguka kwenye mashine ya hapa dukani. Siku moja nikaja asubuhi, nikawasha, nikakuta ujumbe. Picha ya fulana, na chini yake maneno machache tu: "Eliwaza, hii ni kazi yako?"

Alikuwa hajui kama umekufa. Alikuwa anakuuliza wewe, na wewe umelala Muheza, na mwizi ameonekana ni wewe.

Nikamjibu. Nikaufungua ule mtambo, nikaandika polepole kwa maneno mepesi ili usinipotoshe: mimi ni rafiki yake, Eliwaza amefariki, hakufanya yeye, kafanya ndugu yake. Baadaye akatuma pole. Kisha akasema vipicha vyake vyote viondolewe, kila mahali, hataki kuona tena nakshi ya mama yake mikononi mwa watu. Nikaanza kumweleza ulivyokuwa, ulivyotia mkono kifuani. Haikwenda. Alikuwa ameshaifungia akaunti yako isimfikie.

Nikatangaza kwenye grupu kila mtu afute vya Justina. Wachache walifuta. Wengine wakanitukana, ati nina choyo, ati nimerithi visivyo vyangu. Yule mwalimu wa Pangani uliyemtumia vitu kila wiki ndiye aliyekuwa na domo kuliko wote. Akaandika kwamba marehemu alikuwa na roho nzuri, siyo kama mimi. Nikafuta vyetu mwenyewe, kimoja kimoja, hapa hapa ulipokuwa unavipokea.

Ungedhani yamekwisha. Siku ya kukuwekea msalaba nikaja Muheza, nimevaa lile gauni jeusi ulilosema linaninenepesha. Kaburi lako limetiwa marumaru, shoga. Linang'aa kama choo cha hoteli. Na kila mtu anajua fulana ndizo zilizolijenga, Yohana mwenyewe anajisifu. Halafu nikaliona jiwe. Chini ya jina lako fundi kachonga nakshi ya Justina, ile ya mbeleko, pembe hadi pembe, bila jina la mtu. Yohana kasema kaiweka kwa sababu uliipenda sana.

Mama yako akawa anaipapasa kwa vidole. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kuinua uso. Akamuuliza mwanawe, "Haya ya nani, mbona mazuri hivi?" Yohana akamjibu, "Mapambo tu, mama."

Nilipandwa na mori. Mbele ya mchungaji, mbele ya kwaya, nikasema si mapambo tu, yana wenyewe, yana mama aliyeyafuma, na Eliwaza aliwekeana ahadi na mtoto wake, na nyie mmemlaza chini ya kitu cha wizi. Nilisema kwa sauti ambayo hata mimi sikuijua. Wakanitoa mkono huku na huku kama mlevi. Mama yako alikuwa bado analipapasa jiwe, na hilo ndilo lililonichoma kuliko kuburutwa. Nikarudi Tanga nikijua nimemharibia siku yake.

Wiki iliyopita mama yako akaja. Peke yake, toka Muheza, na mguu ule unaovimba. Kakaa kwenye kiti chako, nikampa maji, nikaanza kumwomba radhi. Akanikatiza. "Mwanangu alikuwa hachukui hata sindano ya mtu bila kusema ni ya nani," akasema. "Hao watu wanaitwaje?" Nikamtajia. Akajaribu, akashindwa, akajaribu tena. Nikasema tumtafute fundi aikwangue ile nakshi, mwenyewe amesema iondolewe. Akatikisa kichwa. Alishamuuliza fundi, jiwe litapasuka lote. "Msinivunjie mwanangu mara ya pili. Lakini mwenye kitu atajwe."

Kwa hiyo Jumamosi tunakuja, mimi na yeye. Yohana atakuwa Ushongo na twiga wake. Na asipokuwa huko, aite mgambo, atukute wawili, amtoe na mama yake mkono huku na huku tuone. Nimenunua rangi nyeusi ya mafuta na brashi nyembamba. Nitaandika chini ya nakshi kwamba hii ni ya Waaymara wa Bolivia, imechorwa na Justina kutoka kwenye nguo ya mama yake. Mvua ikifuta, nitarudia. Akifuta Yohana, nitarudia. Hilo nakuahidi, na mkono nimeutia kifuani, nicheke na wewe ukitaka.

Mengine siwezi, Eliwaza. Fulana zimeshakwenda na ndege, sijui hata ziko nchi gani. Na Justina hatayaona maandishi yale, kwa maana sina tena njia ya kumfikia. Atazeeka akidhani ulimdanganya.

Lala, shoga yangu. Mie nakuombea kwa namna yetu, mama yako kwa namna yenu.

Wako,
Mwanaidi