Kisu Kinene

Jumatano, kambini, ng'ambo ya mto kutoka Njinjo. Manyunyu tangu alfajiri. Nguo hazikauki, moto unafuka moshi tu, nami sina hamu ya kuzungumza na mtu.

Nyumbani Kilwa nina visu viwili. Kimoja kirefu, chembamba, kazi ya mhunzi. Kinapita kwenye ngozi bila kusukumwa, lakini ukipasulia kuni kinapinda. Cha pili nilikinunua dukani Lindi: kifupi, mgongo mnene, mpini unaojaa mkono. Hicho hata ukikigonga kwa gogo hakitetereki.

Mimi ndiye mpishi na mchinjaji wa hawa wapima barabara. Mzigo ulikuwa mwingi, nikachukua kile kinene peke yake. Mke wangu alinicheka: "Baba Mwanaidi, utachinja kwa shoka hilo?" Nikamjibu kwamba kuchinja ni mara mojamoja, kuni ni kila siku.

Na kweli, nilikisifu. Kimechonga vigingi vya mahema, kimepasua magogo, kimechimbua mizizi. Kile chembamba kingekwisha kuvunjika.

Saidi, mdogo wake mke wangu, nilimshawishi mimi tuje naye. Sasa homa imemlaza. Ugali haupiti, uji anautapika. Tangu juzi anataja supu tu.

Leo bwana mpimaji alimpiga risasi pofu, yule mnyama wa porini mkubwa kama ng'ombe. Nilikimbia, nikamkuta bado anapumua. Nikasema bismillahi, nikavuta kisu shingoni.

Hakikukata.

Nilikuwa nimekinoa jana, lakini unene ni unene. Kiliteleza juu ya ile ngozi ngumu. Nikakandamiza, nikasugua kama anayekata kamba kwa kigae. Mnyama akanifia mikononi kabla koo halijakatika. Kibudu.

Wasio Waislamu wameshiba na kucheka. Sisi tumekula ugali kwa chumvi. Nilishawishika nimpe Saidi mchuzi wa nyama ile nisimwambie neno, ila aliniwahi.

"Ulimwahi, shemeji?"

"Sikumwahi."

"Haidhuru," akasema, akageukia ukuta wa hema. Angenitukana ningeona nafuu.

Kukipambazuka nitakwenda Njinjo kutafuta kuku na kuazima kisu chembamba, kama mto utavukika. Na usipovukika?

Saidi anatetemeka. Nimempasulia kuni za kutosha mpaka asubuhi. Kisu kimepasua vizuri sana.