Konokono na Fundo Langu

Jumatatu, 3 Machi

Konokono ametambaa! Mjukuu wangu huyu, jina nilimpa mwenyewe kwa uvivu wake. Miezi minane anakaa alipowekwa, kama mzigo wa stesheni. Leo nimegeuka kuchemsha maziwa, nageuka tena, mkekani hayupo. Yuko chini ya meza, kitu mdomoni. Nimemtoa kwa kidole — kifungo cha shati.

Jioni mama yake kaja na karatasi ya kliniki, ina picha. Nesi kasema mtu apige magoti, azunguke nyumba nzima hivyo hivyo, aone anachoona mtoto. Nikamwambia binti yangu, nimelea wanne bila karatasi, na wewe ni mmoja wao, mbona macho unayo yote mawili? Akacheka, akaenda kuoga.

Nikapiga magoti. Hakuniona. Chini ya kabati nimeokota msumari, betri mbovu, na shazia yangu, sindano ya magunia niliyoitafuta miaka. Nyumba ukiiona kutoka chini si yako tena. Meza ina tumbo jeusi. Jiko linakuinamia. Na pale ngazi inapoanzia hamna kitu, uwazi tu. Vidato kumi na vinne mpaka chini, kwa fundi viatu.

Alhamisi, 6 Machi

Seremala kaleta geti la ngazi. Kazi safi, hamna kibanzi. Akataka kutia komeo. Nikamwambia komeo hata paka anafungua, mimi nitafunga kamba. "Kamba, Bibi?" Kamba, ndiyo! Miaka thelathini na moja nimeshona midomo ya magunia ghalani. Fundo langu mizunguko mitatu, ncha inarudi jichoni, lile tundu la kati, unakaza kwa jino. Msimamizi alilijua gunia langu kwa kulipapasa tu. Walijaribu kuliiga fundo hilo, wakashindwa. Kulifungua ni mimi au kisu.

Binti yangu naye: mama, sasa kazini nitatokaje? Nitakufungulia asubuhi, nitakufungulia jioni. Wewe kashone mashati yako. Kiwandani wamemweka majaribio miezi mitatu. Akikosa siku moja wanaita mwingine, wamejaa pale nje. Kwa hiyo mchana kutwa mtoto ni wangu. Na mikononi mwangu hajawahi kuumia mtoto. Hata mmoja.

Jumamosi, 8 Machi

Sijui niandikeje.

Saa nne nilikuwa nakunja nguo. Kimya. Mtoto akinyamaza ujue kuna jambo. Nikatoka. Konokono yuko upande wa pili wa geti! Amekaa kidato cha kwanza, miguu inaning'inia, anatazama chini kama anayemsubiri mtu.

Geti limefungwa. Nimelishika fundo. Mizunguko mitatu. Ncha jichoni. Alama ya jino ipo.

Nimekawia kulifungua. Juu ya geti hapiti, linanipita kiuno. Kati ya mbao haingii hata ngumi yake. Binti yangu yuko kazini.

Nimemwuliza fundi viatu kama kapita mtu. Kasema hakuona, kainamia kazi, ila kasikia ndala zikiburuzwa juu. Ndala za nani? Kanitazama miguuni. Hana adabu yule kijana.

Binti yangu sijamwambia. Ataacha kazi.

Jumatatu, 10 Machi

Kuna mtoto wa watu humu ndani. Amekaa mkekani ananitazama. Mama yake yuko wapi? Watu wa siku hizi! Nitamtoa nje, pale kwenye ngazi, wapitao wamwone wamchukue.

Jumanne, 11 Machi

Saa sita birika la maji ya moto nimelikuta sakafuni, katikati ya njia ya Konokono. Linatoa mvuke! Mimi birika naliweka nyuma kabisa, mkono wake ukielekea ukutani, tangu sijaolewa. Binti yangu aliporudi nimemfokea mpaka sauti imekauka. Akanisikiliza. Halafu, taratibu: "Mama, mimi nimetoka asubuhi. Maji yatakuwaje ya moto saa sita?"

Nikasema basi yamejichemsha. Hakucheka. Chakula chote cha usiku alikuwa ananitazama kama mtu anavyotazama maziwa jikoni, asiyetaka yafurike. Sikupenda.

Kuna mtu anaingia humu. Sina jibu lingine.

Jumatano, 12 Machi

Nimepata kikengele, kile cha kufunga paka shingoni. Nimekishonea ndani ya soksi ya Konokono kwa shazia, uzi mara nne, hata angetafuna hakitoki. Sasa akisogea nasikia. Anayemchukua nitamsikia pia. Aje!

Alhamisi, 13 Machi

Nilikuwa nafua nepi bafuni. Kengele ikalia nyuma yangu. Nageuka, hamna. Nikaenda jikoni — inalia jikoni. Hayupo. Chumbani — inalia chumbani. Nikainama chini ya kitanda, ikalia karibu, karibu kabisa. Hamna mtoto. Nikasimama tuli nisikilize. Ikanyamaza. Nikapiga hatua. Ikalia. Nikasimama. Ikanyamaza.

Nikasema, Konokono, usimchezee bibi yako. Sauti yangu siyo niliyoijua.

Nimezunguka nyumba yote hivyo. Mara mbili. Halafu nikaingiza mkono mfukoni mwa aproni nifute jasho kwa leso.

Soksi.

Nikakimbilia ngazi. Fundi viatu amesimama kidato cha juu, Konokono begani mwake, mguu mmoja mtupu. Nikampigia kelele, mwizi wewe, kumbe ni wewe! Hata hakukasirika. Akasema, "Bibi, si umenipa mwenyewe sasa hivi? Umeniita, ukasema nimshike kidogo, unaenda kumtafuta Konokono."

Nikatazama geti. Limefungwa. Fundo langu. Na juu ya kamba kuna povu la sabuni, bado linapasuka.

Akasema, Jumatatu nilimkuta hapa hapa peke yake, nikamrudisha kwako juu ya geti, ukanishukuru vizuri tu. Jumatatu? Jumatatu gani? Nikamwambia asimwambie binti yangu. Akasema, "Basi mwambie wewe, bibi yangu. Kesho. La sivyo mimi."

Ijumaa, 14 Machi

Nimefungua daftari hili kuanzia mwanzo. Kuna ukurasa wa tarehe 10. Mwandiko ni wangu, herufi zangu zinazolala kushoto, mwalimu wa darasa la nne alinichapa kwa ajili yake. Sikuuandika mimi. Nimeusoma mara tano.

Mtoto wa watu.

Basi. Nitasema. Kazi atapata nyingine, au hatapata, lakini mtoto ni mmoja. Nimemfunga Konokono mgongoni kwa kitenge, nimekaza kifuani, toka saa mbili sijamshusha. Jiko nimelizima. Ndoo zote nimemwaga. Nitakaa kwenye kiti hiki na daftari. Nikishika kalamu ninajijua.

Saa tisa. Analala. Pumzi yake shingoni.

Saa kumi na nusu. Niko hapa.

Daftari nitaliacha mezani, wazi, ukurasa ule ule. Mdomo wangu utakataa, najijua. Asome mwenyewe.

Huyo anapanda. Nazijua hatua zake, anaruka kidato cha tano. Anaita, mama, nifungulie.

Nimeenda getini, nimerudi kukaa. Bado anaita. Anauliza mtoto yuko wapi, mbona nimeondoka pale. Nimemwambia angoje. Nimeshika kamba, nimeizungusha huku, nimeizungusha kule. Haina mwanzo. Sijaona kitu kama kile. Mjinga gani amefunga kamba namna hii?